SOMO: KUREKEBISHA REJISTA ILIYOMO KATIKA KOMPYUTA

Katika ofisi ya chama cha msingi, kanuni ya kurekebisha rejista ya wanachama yajulikana. Katibu hafuti kwa kifutio wala hachani ukurasa. Hupiga mstari mmoja juu ya neno la zamani, nalo likabaki likisomeka. Huandika jipya pembeni, akatia saini na tarehe. Mkaguzi akija huona lililokuwapo, lililopo, na aliyelibadili. Chama chochote cha Makere, au kwingineko Kasulu na Kibondo, kinachohamishia rejista yake katika kompyuta hakina budi kufahamu kwamba kompyuta haina adabu hiyo mpaka ielekezwe.

Hifadhidata nyingi za leo zimejengwa juu ya fikra iliyotolewa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California. Kwa fikra hiyo, habari huwekwa katika majedwali mbalimbali: moja la wanachama, jingine la vijiji, jingine la mazao yaliyopokelewa, nayo huunganishwa kwa namba. Faida yake huonekana siku ya mabadiliko. Mwaka 2012 Wilaya ya Buhigwe ilipomegwa kutoka Kasulu, na Kakonko kutoka Kibondo, daftari lenye jina la wilaya mbele ya kila mwanachama lilihitaji kusahihishwa mstari kwa mstari. Mkulima wa Manyovu ambaye mstari wake ungerukwa angebaki Kasulu kwenye karatasi, ilhali kijiji chake kimo Buhigwe. Katika majedwali yaliyopangwa vema, wilaya huandikwa mara moja tu, mbele ya jina la kijiji. Kijiji kikibadilishiwa wilaya, wanachama wake wote hufuata.

Amri ya kubadili ina sehemu mbili: kinachobadilishwa, na sharti la kuonyesha ni mistari ipi ihusike. Hatari kubwa imo katika sharti. Chukulia mwanachama namba 114 amefariki na hisa zake zinahamishiwa kwa mjane wake. Sharti likitaja namba, mstari mmoja tu ndio utakaoguswa. Likitaja jina, wote wenye jina hilo wataguswa, na majina yanayofanana ni ya kawaida katika vijiji. Sharti likisahaulika kabisa, kompyuta haitauliza neno. Itabadili hisa za chama kizima kwa nukta moja. Karani mwangalifu hutumia sharti lile lile kwanza kwa kusoma, akahesabu mistari iliyojitokeza, ndipo akabadili.

Uhamisho wenyewe ni matendo mawili: kupunguza huku na kuongeza kule. Umeme ukikatika katikati, hisa zaweza kuonekana zimetoka kwa marehemu bila kumfikia mjane. Kwa sababu hiyo matendo yote mawili hufungwa pamoja kuwa muamala mmoja, ambao ama hukamilika wote ama huhesabiwa haukufanyika. Hifadhidata nzuri huandika kwanza kusudio lake katika jarida la pembeni kabla ya kugusa jedwali. Umeme ukirudi husoma jarida hilo, ikathibitisha miamala iliyokamilika na kutangua iliyokatizwa. Na makarani wawili wakitaka kubadili mstari mmoja kwa wakati mmoja, wa pili hungojeshwa hadi wa kwanza amalize.

Lakini jarida hilo ni la mashine, si la mkaguzi, na baada ya muda husafishwa. Mara muamala ukikamilika, thamani ya zamani haionekani tena katika jedwali. Hata mfano wa Buhigwe una mtego: orodha ya mapokezi ya mwaka 2011, ikichapishwa leo, itaonyesha wilaya ambayo mwaka huo haikuwapo. Bei nayo ni vivyo hivyo. Bei ya kilo ikibadilishwa juu ya ile ya msimu uliopita, malipo ya wakulima yaliyokwisha kulipwa yataonekana kuwa na makosa, na ugomvi utaanza mkutanoni.

Dawa ni kuandika bei pamoja na tarehe yake katika kila pokeo, na kuwa na jedwali la mabadiliko ambalo kompyuta hulijaza yenyewe: thamani ya zamani, mpya, saa, na jina la aliyebadili. Mtaalamu anayekiundia chama programu aulizwe kuhusu jedwali hilo kabla ya kulipwa. Haki ya kufuta humo asipewe karani, wala katibu.