Deni la Mvuvi na Fedha za Jirani Zake

Tukitafuta sababu za udhaifu wa biashara zetu sisi watu wa pwani, wengi wetu hukimbilia kulaumu wageni, au serikali, au bahati. Katika darsa hii twataka kuanza mahali padogo panapoonekana kwa macho kila asubuhi, tangu Kiunga hata Vanga: pale bandarini, mvuvi apimapo samaki wake.

Mvuvi huyu hana chombo chake mwenyewe. Mashua, nyavu na mashine amepewa na tajiri wake, kama wavuvi wamwitavyo, naye ni mnunuzi wa samaki. Hakuandikiwa riba, na ukimwuliza atakwambia kwamba deni lake ni la halali, kwani atarudisha kadiri ile ile aliyokopa. Lakini liko sharti moja: maadamu deni lipo, samaki wote atamwuzia tajiri huyo, kwa bei aipangayo tajiri.

Na tupige hesabu. Tuseme wavuvi wasio na deni huuza pale pale bandarini kilo moja kwa shilingi 350, na huyu wetu hupewa 250. Tuseme yeye na wenziwe wawili hupata kilo 20 kwa siku, na katika mwezi hutoka siku 20. Basi kila siku huacha mikononi mwa tajiri shilingi 2,000, na kila mwezi 40,000. Baada ya miezi 15 ya kutoka baharini atakuwa amekwisha kutoa 600,000. Ikiwa hiyo ndiyo thamani ya chombo na vifaa vyake, basi amekwisha kukinunua. Na deni lake liko vile vile, halikupungua hata senti moja. Tena pepo za kusi zikivuma na bahari ikachafuka, hukopa unga na mafuta, na deni likapanda.

Wanazuoni wametufundisha kwamba mkopo ulioshurutishiwa manufaa ya mkopeshaji ni mlango wa riba, hata neno riba lisipotajwa. Walakini hatusemi haya ili kumtukana tajiri. Chombo kikizama, mali iliyozama ni yake. Na mvuvi akiuguliwa na mtoto usiku, mlango agongao ni wa huyo huyo tajiri. Twasema tu kwamba alikwenda yeye mahali ambapo sisi wengine hatukwenda. Na sisi fedha tunazo! Ziko katika dhahabu ivaliwayo siku mbili kwa mwaka, ziko katika harusi za siku saba, na ziko katika viwanja vilivyozungushiwa ukuta kisha vikaota magugu.

Ndugu zetu wa Misri walikuwa na hali iliyofanana na hii. Katika mji wa Mit Ghamr, ulioko katika delta ya mto Naili, wakulima na mafundi wadogo walikaa mbali na benki kwa kuogopa riba, wakaweka walichonacho majumbani. Dkt. Ahmad al-Najjar, Mmisri aliyesoma Ujerumani na kuziona huko benki za akiba za miji midogo, alifungua katika mji huo mwaka 1963 benki isiyotoza riba wala kulipa riba. Aliyetaka kuweka akiba aliweka, hata ikiwa kidogo, na aliweza kuitoa atakapo; na mwenye akiba aliweza kukopa pasina riba kwa ajili ya kazi yake. Aliyetaka faida aliweka fungu jingine, likatiwa katika biashara, na faida ikagawanywa. Fungu la tatu lilikuwa la zaka, nalo halikuchanganywa na hayo mawili. Hata kufikia mwaka 1967 matawi yalikuwa tisa, na wawekaji walipita laki mbili. Mwaka huo benki hizo zilimezwa na benki za serikali, na kazi ile ikasimama. Mwaka 1971 serikali ikaanzisha benki nyingine ya namna hiyo, yenye jina la Nasser. Sisi kilichotushughulisha zaidi ni wale wawekaji. Hawakuwa matajiri. Walikuwa ni watu kama hao tupitanao sokoni.

Huenda msomaji akasema: leo ziko benki za Kiislamu hapa Kenya tangu mwaka 2008, basi kwa nini tujisumbue? Ni kweli ziko, na ni jambo la kushukuru. Lakini benki hutaka hati ya shamba au ya nyumba, na mvuvi wetu hana hati. Alichonacho ni kujulikana, na wamjuao ni jirani zake.

Basi natuone jirani wanaweza nini. Tuseme watu 50 wa mtaa mmoja, kila mmoja atoe shilingi 1,000 kwa mwezi kwa muda wa mwaka mmoja. Hiyo ni 600,000, nayo yanunua chombo chetu. Hii ni shirika, na katika madhehebu yetu ya Shafi faida na hasara zote mbili hufuata kadiri ya mali ya kila mshirika. Haijuzu mmoja kujiwekea faida maalumu na kumwachia mwenziwe hasara. Kisha chombo hicho wampangishe mvuvi kwa ijara, mathalan shilingi 1,000 kwa kila siku atokayo, na siku asiyotoka halipi kitu. Samaki ni wake yeye na mabaharia wake, naye atauza kwa amtakaye, kwa bei ya bandari. Hapo zile 2,000 alizokuwa akizipoteza kila siku, nusu yake ni ijara na nusu yarudi nyumbani kwao.

Na wenye chombo je? Akitoka siku 180 katika mwaka, ijara ni 180,000. Nusu yake isiguswe, iwekwe kwa kutengeneza mashine na kununua nyavu mpya. Nusu ya pili ikigawanywa, kila mtu apata 1,800 juu ya 12,000 zake. Si faida ya kumtajirisha mtu, na yeyote awaahidiye watu zaidi ya hiyo katika jambo la bahari na aulizwe maswali mengi. Tena washirika waambiwe tangu siku ya kwanza kwamba chombo chaweza kuzama, na kikizama pasina uzembe wa mvuvi, hasara ni yao wote.

Hapa ndipo twataka kukaa kidogo, kwani si mara moja mashirika ya namna hii kuanzishwa katika miji yetu kwa dua na halua, yakafa kabla ya mwaka wa pili. Moja twalijua vizuri, kwani baadhi yetu tulikuwamo. Mshika fedha alikuwa mtu mwema, mjomba wa huyu na mkwe wa yule; hakuandika, na sisi tulimwonea haya kumwuliza. Siku tulipouliza, yeye mwenyewe hakujua zilikokwenda. Hatuamini kwamba aliiba. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, yaamrisha deni liandikwe, dogo na kubwa, na washuhudie mashahidi. Nasi tuliisoma kila Ramadhani tusiitumie. Wake zetu katika upatu wao wametushinda kwa hili: kila mmoja ajua zamu ni ya nani, na nani hajatoa. Tungefanya vyema tungewapa wao daftari la shirika.

Daftari hilo lisomwe mbele ya washirika wote kila mwezi, na mshika fedha na mwandishi wasiwe wa nyumba moja.

Tumeulizwa maswali mawili. La kwanza, kama zaka yaweza kununuliwa chombo hiki cha washirika 50. Jawabu ni kwamba haiwezi. Zaka ina wenyewe waliotajwa, na tajiri na maskini wa mtaa hawawi sawa katika hiyo. Akipatikana mvuvi fakiri akapewa nyavu ziwe milki yake, hilo ni jambo jingine.

Swali la pili ni la mama mmoja ashikaye mali ya mayatima, auliza kama aweza kuitia humo. Msimamizi wa yatima aruhusiwa kuifanyia biashara mali ile akiona maslaha, isije ikapungua kila mwaka kwa kukaa tu. Lakini bahari ina hatari nyingi, na mali hii haina mwenyewe wa kuridhia hasara. Sisi twamshauri aanze na chumba cha kupangisha, na chombo akingojee hadi hesabu za miaka miwili zimekwisha kusomwa.