Tujuane, Tujengane: Somo la Kuwapata Wanachama Wapya

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii sote twaikariri, lakini ukifika wakati wa kutafuta wanachama wapya, twaisahau. Mwenyekiti husimama gwarideni, akatangaza kuwa chama kitakutana Alhamisi baada ya masomo, kisha akaketi kungoja. Alhamisi ikifika, nyuso ni zile zile! Na kila mwaka darasa la mwisho huondoka na katibu, mweka hazina na malenga wetu. Chama kisichopata warithi hakichukui miaka mingi kubaki jina tu ubaoni.

Je, tufanyeje? Ndugu msomaji, somo liko papa hapa mtaani kwetu.

Mnamo Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Reuben, Mukuru kwa Njenga na Viwandani kuwa eneo maalumu la kupangwa upya. Wakazi walitakiwa kutoa maoni kuhusu barabara, maji, vyoo na makao. Lakini familia zilikuwa zaidi ya 100,000! Uwanja gani ungewatosha? Na hata wangetosha, nani angesikika? Asiyesikika angeweza kukuta barabara imechorwa juu ya chumba chake.

Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda kilichoanza mwaka wa 1996, pamoja na wenzao, hawakutegemea kipaza sauti pekee. Nyumba kumi zilifanya kikundi kimoja chenye mwakilishi. Vikundi kumi vikafanya kundi la nyumba 100 hivi. Vikundi hivyo vya kumi kumi viliitwa Tujuane Tujengane.

Sasa tuyatazame maneno hayo kisarufi. Jua huzaa juana. Jenga huzaa jengana. Ni kauli ya kutendana: mimi kwako, nawe kwangu. Linganisha na andikishwa: hapo mmoja ametenda, mwingine ametendwa. Mwanafunzi aliyeandikishwa tu ni jina daftarini. Aliyejuana na wenzake hurudi Alhamisi ya pili.

Basi tufuate hatua hizi:

1. Tugawane kazi. Kila mwanachama awaendee wanafunzi wachache anaowajua: jirani wa dawati, au anayetembea naye njia moja jioni.

2. Tuanze na kipawa cha mtu. Usimwambie, "Ebu ingia chama, Kiswahili ni lugha yetu bwana!" Mwambie, "Kile kisa chako cha makanga kilituvunja mbavu. Kiandike, tukisome Alhamisi." Akijibu, "Aa, mimi najua Sheng tu," usimcheke. Sheng ilikulia huku huku Eastlands. Mwombe akupe maneno kumi, kisha mtafute pamoja maneno sanifu yanayolingana nayo.

3. Tumpe kazi mapema. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tusingoje hata hiyo ya tatu: asome shairi, apange viti, aandike kumbukumbu za mkutano. Mwenye kazi hujiona mwenyeji.

4. Tumuulize anayekosa. Huenda si mvivu. Pengine jioni anasubiriwa nyumbani akachote maji au amtunze mdogo wake. Kama wengi wako hivyo, tukutane saa ya chakula cha mchana. Saa ya mkutano ikiwafungia wenzetu mlango, hata mwaliko mtamu haufai kitu.

Hesabu yake si ngumu. Wanachama 12 wakimleta kila mmoja mwenzake mmoja kwa muhula, na wasipotoroka, tutakuwa 24. Haba na haba hujaza kibaba.

Zoezi:
(a) Taja vitenzi vitano vya kauli ya kutendana, kisha utunge sentensi kuhusu chama chetu.
(b) Andika jina la mwanafunzi mmoja ambaye hajawahi kualikwa, na kipawa chake. Kabla ya Alhamisi, nenda ukaongee naye. Zoezi hili la pili halisahihishwi na mwalimu: litajisahihisha lenyewe viti vikihesabiwa.