Mpini wa Bastola na Mkono wa Mwenyewe: Kipi Kibadilishwe, Kipi Kiachwe

Katika somo hili tunazungumzia jambo ambalo kwa juu laonekana dogo, nalo ni mpini wa bastola usioukaa mkono wa mwenyewe. Tumelichagua kwa sababu maombi yanayoanza kwa nia njema huweza kumfikisha mtu mahakamani, au kumpeleka hospitalini yeye na jirani yake.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa samaki wa Port Bell amepata cheti cha kumiliki bastola kwa njia halali. Silaha yenyewe ni fupi na nyepesi, ya kubebwa chini ya koti. Siku ya mazoezi, baada ya risasi chache tu, ngozi iliyo kati ya gumba na shahada imechubuka, kidole cha mwisho hakina pa kushika, na shabaha yote imeelemea upande mmoja. Anaporudi mwaloni anamwendea seremala wa mitumbwi, mtu hodari kwa tupa na msasa, na kumwambia: "Fundi, nichongee mpini huu uniingie mkononi." Kwa seremala ombi hilo halina tofauti na la mtu aliyeleta panga au shoka. Je, ajibu nini? Somo letu lote limejengwa juu ya swali hilo.

Kwa nini bastola fupi huumiza

Risasi inapotoka kwenda mbele, bastola husukumwa nyuma. Kadiri silaha ilivyo nyepesi, ndivyo inavyorudi kwa kasi zaidi kwa risasi ile ile. Tena mtutu hukaa juu ya kiganja, kwa hiyo teke hilo haliji nyuma pekee, bali huinua pia mdomo wa bastola. Mpini mfupi hukosa nafasi ya kidole cha mwisho, na mkono uliopungukiwa kidole kimoja hushindwa kuidhibiti silaha barabara.

Unene wa mpini nao una lake. Mpini ukiwa mnene kuliko mkono, kidole hufika kwenye triga kwa ncha tu, na mtu akivuta huisukuma bastola kando. Ukiwa mwembamba mno, kidole huingia kupita kiasi na kuivutia upande wa pili. Kipimo kizuri ni hiki: mtutu uelekee sawa na mfupa wa mkono kuanzia kiwiko, na nyama ya pingili ya kwanza ya kidole cha shahada ikae juu ya triga bila kujinyoosha. Kwa hiyo anayelalamikia mpini halalamikii starehe peke yake. Risasi iliyokwenda kando ina mahali itakapofikia, na Port Bell ni mahali pa watu wengi.

Mambo ya kuanza nayo

Dawa ya kwanza haigharimu kitu, nayo ni mafunzo. Maumivu mengi hutokana na ushikaji mbaya: mkono uliowekwa chini mno, au mkono wa pili usiosaidia. Tena kiganja kikipandishwa juu kupita kiasi, bamba la juu linaloteleza huweza kukata ngozi linaporudi nyuma. Mkufunzi mwenye idhini hurekebisha hayo kwenye uwanja wa shabaha kabla ya mtu kutaja kubadilisha chochote.

Dawa ya pili ni vipande vilivyotengenezwa na kiwanda kwa ajili ya bastola hiyo hiyo. Glock 19, kwa mfano, ilitoka mwaka 1988 ikiwa na mpini wa kipimo kimoja; tangu toleo lake la nne la mwaka 2010 huja na vipande vya nyuma vya kubadilishwa kulingana na mkono. Makarov, inayojulikana sana katika eneo letu, ina mpini wa kipande kimoja unaoshikwa kwa skrubu moja kwa nyuma. Kwa bastola nyingi fupi, kitako kirefu kidogo cha magazini hutosha kukipa kidole cha mwisho mahali pa kutua.

Dawa ya tatu ni soksi ya mpira inayovishwa juu ya mpini. Ni rahisi, lakini ina hila zake. Isipokatwa vizuri hufunika kitufe cha kutolea magazini. Ikilegea, huzunguka mkononi wakati mbaya kuliko wote. Na katika hewa ya ziwa, jasho na unyevu hujificha chini yake na kuleta kutu isiyoonekana. Anayeitumia aivue mara kwa mara, akaushe, akague.

Hata kwa mambo haya mepesi, kazi ifanywe na fundi wa silaha mwenye leseni, na bastola iwe tupu. Magazini hutolewa kwanza, kisha bamba la juu huvutwa nyuma, na chemba hukaguliwa kwa jicho na kwa kidole. Anayegeuza utaratibu huo huacha risasi moja ndani akidhani amemaliza. Risasi zote ziwekwe mbali na mahali pa kazi.

Mahali ambapo tupa haina ruhusa

Zipo kazi ambazo hatuzikubali kamwe zifanywe nyumbani wala kwenye karakana ya mtaani: kukata mpini uliounganika na fremu, kuusugua upungue, kuuyeyusha kwa chuma cha moto ili upate mikwaruzo ya kushikia, au kutoboa tundu jipya la skrubu. Kuta za mpini wa plastiki ni nyembamba, na ndani yake hupita magazini. Ukuta uliopunguzwa huweza kupasuka, na skrubu iliyo ndefu kupita kiasi huweza kulibana magazini lisishuke.

Sababu nyingine ni kubwa zaidi. Kwa bastola, fremu ndiyo hubeba namba ya utambulisho. Katika nyingi za plastiki namba hiyo imo kwenye kibao kidogo cha chuma kilichozamishwa ndani ya fremu. Katika rivolva nyingi za Smith & Wesson namba imegongwa kwenye kitako cha mpini wenyewe, na mpini mkubwa wa mbao huifunika. Mwenye nia njema aliyechonga mpini tu anaweza kujikuta ameshika silaha ambayo namba yake imefutika, na askari aliye kizuizini usiku hana njia ya kuitofautisha na silaha ya mhalifu.

Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo, iliyotiwa saini Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, huzitaka nchi wanachama kuhesabu kufuta au kubadili alama za silaha kuwa kosa la jinai. Hapa Uganda, Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inamtaka kila mmiliki awe na cheti, na mkuu wa utoaji leseni ni Inspekta Jenerali wa Polisi. Aidha, mnamo Juni 2018, Rais Museveni alipolihutubia Bunge kuhusu usalama, alitaja miongoni mwa hatua zake kwamba bunduki zote zichukuliwe alama, ili risasi na ganda vilivyopatikana mahali pa tukio viweze kulinganishwa na silaha iliyovitoa. Mpini haugusi alama hizo. Lakini fundi asiyejua mipaka huanza na mpini, akaendelea na triga, akaishia kwenye mtutu.

Ziwa nalo ni mpaka

Kutoka Port Bell meli za mabehewa huenda Mwanza na Kisumu, na mitumbwi huenda kila upande. Wapo wanaodhani kwamba, kwa kuwa fundi mzuri yuko ng'ambo, si vibaya kuvuka naye bastola ndani ya mfuko kwa siku mbili. Tunasema wazi: cheti cha Uganda hakivuki ziwa. Kenya ina Sheria yake ya Silaha, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Bastola iliyovushwa bila vibali vya nchi zote mbili ni silaha ya magendo, hata kama mwenyewe ana cheti halali nyumbani.

Seremala ajibu nini?

Turudi kwa fundi wetu wa mitumbwi. Asiipokee bastola mkononi, wala asikubali iachwe karakanani "mpaka kesho". Amwambie mteja kwa upole: "Ndugu yangu, kazi hii si yangu, mwone ofisa wa leseni akuelekeze kwa fundi wa silaha anayetambuliwa." Kumkatalia mteja wa zamani ni kugumu, hasa anayelipa vizuri. Lakini akiipokea, mtu asiye na cheti atakuwa ameshika silaha ya moto katikati ya watoto na wapita njia. Mteja akisisitiza namba ifunikwe au isuguliwe, hilo si suala la starehe tena. Ajulishe kituo cha polisi kilicho karibu, au apige 999 au 112.

Na mfanyabiashara wetu? Haki yake ya kupata silaha inayomkaa mkononi tunaitambua, na tungependa aipate. Ajifunze kushika, atafute kipande cha kiwandani, na ikishindikana, aombe ofisi ya leseni imwelekeze namna ya kuibadilisha bastola kwa nyingine inayomfaa. Mkono haubadiliki, na fremu isibadilishwe.

Maswali ya kujadiliana kwenye mikutano ya kijiji

1. Ni ishara zipi zinazomtofautisha mteja anayetafuta nafuu ya mkono na anayetaka kuficha namba?
2. Ni hatari gani huwapata majirani silaha inapoachwa karakanani usiku mmoja?
3. Katika mwalo wenu, mafundi wanajua wamwelekeze wapi mtu mwenye ombi kama hili?