Pima Sensa ya Throtoli Kabla ya Kununua Nyingine

Gari linakatakata ukikanyaga mafuta taratibu, sailensa inapanda na kushuka yenyewe, lakini ukikanyaga kwa nguvu linakwenda vizuri. Ukiona hivyo, usikubali kubadilishiwa plagi na koili kwa kubahatisha. Omba sensa ya throtoli ipimwe kwanza.

Kwenye magari mengi ya zamani yanayotumia kebo ya mafuta, ndani ya sensa hiyo kuna mkanda wa kaboni uliopinda, na juu yake unateleza mguso mwembamba wa chuma unaozungushwa na mhimili wa kilango cha hewa. Ncha moja ya mkanda inapewa volti 5, nyingine inakwenda kwenye hasi. Mguso unapeleka kwenye kompyuta volti ya pale uliposimama: kilango kikiwa kimefungwa ni kama 0.5, kikifunguka chote ni 4 na ushee.

Kinachosuguana hulika, na mkanda hulika zaidi mwanzoni, maana mguu wa dereva hushinda hapo. Mguso ukipita penye kidonda, volti inaanguka ghafla na kompyuta inadhani umeachia mafuta. Ukikanyaga sana unaruka sehemu hiyo, ndiyo maana gari linapona.

Washa swichi bila kupiga stata. Soketi iache mahali pake, uchomeke pini nyembamba kwa nyuma, kando ya waya. Usitoboe ganda la waya. Unyevu utaingia na shaba itaoza. Hakikisha kwanza volti 5 zinafika na hasi ni nzima, kwa sababu sensa nyingi zinatupwa bure kumbe kosa ni la waya.

Sasa tafuta mita ya mshale, uiunge kwenye waya unaotoka kwenye mguso. Ya namba inachelewa, na anguko la volti la kufumba na kufumbua linaipita. Mwenzako akanyage pedali polepole mno, kisha aachie vilevile, nawe usiondoe macho kwenye mshale. Unatakiwa kupanda na kushuka bila kushtuka hata kidogo. Rudia huku ukiigonga sensa kwa mpini wa bisibisi, na tena injini ikiwa ya moto.

Soketi yenye uchafu isafishe kwa dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme. Kuipuliza ndani ya sensa kunaweza kuondoa vumbi la kaboni na kukupa nafuu ya muda, lakini mkanda uliolika haurudi. Petroli na msasa visiguse humo kabisa.

Ukibadilisha, chora alama ilipokaa ya zamani kabla ya kulegeza skrubu. Zungusha mpya mpaka isome volti za kitabu cha gari hilo, kaza, kisha pima upya, kwani kukaza nako huisogeza.

Kwa gari la throtoli ya umeme, usiingize kidole kwenye kilango swichi ikiwa imewashwa. Mota yake inaweza kukifunga ghafla na kukuumiza.