Kijana Aliyefundishwa Kutazama

Claude Monet alizaliwa Paris mwaka 1840, akalelewa Le Havre, mji wa bandari pwani ya Ufaransa. Madaftari yake ya shule aliyajaza sura za walimu, pua ndefu na vichwa vikubwa. Alipopata miaka 16 au 17 watu wa mji walikuwa wakimlipa faranga 10, hata 20, ili awachore kwa mzaha. Naye akajiona amekwisha kuwa fundi.

Michoro yake iliwekwa dirishani mwa duka la fremu. Juu yake zilitundikwa picha za bahari na mawingu, kazi ya Eugène Boudin, mwana wa baharia. Monet alizidharau picha zile, wala hakutaka kuonana na mwenyewe. Lakini Boudin aliona kwamba kijana ana jicho, akamwalika waende nje kupaka rangi. Monet akatoa udhuru, leo huu, kesho huu, hata udhuru ukamwishia, akaenda.

Boudin akasimamisha turubai yake uwandani, akaanza kazi. Monet akatazama kwa mashaka, kisha kwa makini, na siku ile macho yake yakafumbuka. Wachoraji wengi wa wakati ule walichora nje haraka, wakaenda kuimaliza picha chumbani. Boudin alitaka kuinasa saa ile ile. Hata penye michoro yake aliandika tarehe, saa, na upepo uliovuma. Safari za namna hiyo zilikuwa nyepesi kuliko zamani, kwa kuwa tangu mwaka 1841 rangi ziliweza kutiwa katika vifuko vya bati laini, badala ya vibofu vya nguruwe vilivyopasuka njiani.

Jambo linalowashinda wanaoanza ni kivuli. Hudhani ni cheusi, basi hupaka nyeusi, na picha hufa. Mwanafunzi na atandaze karatasi nyeupe juani siku ya mbingu safi, kivuli cha tawi kiiangukie, akitazame bila haraka. Ataona rangi ya samawati kidogo, maana pale miali ya jua haifiki, bali nuru ya mbingu hufika.

Mwaka 1869 Monet na rafiki yake Renoir walikaa kando ya mto Seine, wakajaribu kuchora maji. Maji hayatulii; basi waliweka alama fupi fupi za rangi, hii kando ya hii, bila kuzilainisha. Kwa karibu ni madoa tu. Mtu akirudi nyuma hatua chache, maji humetameta.

Mwaka 1874 walionyesha picha zao Paris. Moja ya Monet, iliyoonyesha bandari ya Le Havre alfajiri, iliitwa Impression, soleil levant, yaani jinsi jua lichomozapo lilivyomgusa mtazamaji. Mwandishi mmoja wa gazeti akalidaka neno la kwanza, akawaita wote Waimpreshonisti kwa kuwacheka. Katika maonyesho yale yale zilikuwamo picha za Boudin.