Kuhamisha paneli ya Premiere Pro kutoka CEP kwenda UXP

Kama una paneli uliyoiandikia Premiere Pro zamani, iwe ya kuweka alama kwenye sikwensi au ya kupanga klipu za harusi, huenda inafanya kazi mpaka leo. Tatizo ni kwamba imesimama juu ya CEP, mfumo wa zamani wa paneli za Adobe, na Adobe imeshahamishia nguvu zake kwenye mfumo mpya wa UXP, ulioingia Photoshop mwaka 2020 na sasa umefika Premiere. Siku ya kuhama ikifika, usiitafsiri kodi ya zamani mstari kwa mstari. Utajichosha, na utakachopata ni paneli mpya yenye kasoro za ile ya zamani.

Kwanza hakikisha jambo hili linakuhusu. Efekti na transisheni zilizoandikwa kwa C++ zina SDK yake na haziguswi. Zinazohama ni paneli zilizojengwa kwa HTML, JavaScript na ExtendScript.

Fungua faili lako la .jsx uorodheshe kila kitu unachoiagiza Premiere ifanye: kusoma sikwensi, kuongeza alama, kubadili jina la klipu. Kisha kitafute kimoja kimoja kwenye API mpya. Kikikosekana kile ambacho paneli yako haiwezi kuishi bila hicho, subiri. Ni heri ulijue hilo mapema kuliko baada ya kuhangaika na rangi za vitufe. Katika orodha hiyo hutakosa pia vitu ambavyo hakuna anayevitumia. Usivihamishe.

Kazi yenyewe iko kwenye mazungumzo kati ya paneli na Premiere. Katika CEP kulikuwa na pande mbili: ukurasa unaoendeshwa na Chromium, na hati ya ExtendScript ndani ya Premiere. Kati yao ilisimama evalScript, ikipeleka maandishi na kurudisha maandishi. ExtendScript ni JavaScript ya kiwango cha mwaka 1999: haina Promise, haina fanksheni za mshale, na hata JSON tulilazimika kuibandika wenyewe. UXP imeuondoa mpaka huo. Unaandika require("premierepro") na unaushika mradi moja kwa moja kwa JavaScript ya kisasa. Kodi yote ya kugeuza data kuwa maandishi na kuyarudisha kuwa data, ifute bila huruma.

Ila sasa maagizo mengi hurudisha Promise, kwa hiyo ukisahau await hupati jina la sikwensi, unapata ahadi ya jina. Mbaya zaidi, mara nyingi hakuna hitilafu inayotokea hapo hapo. Kosa hujitokeza mistari mingi mbele, ukalitafuta pasipo mahali pake.

Kubadilisha mradi nako kuna utaratibu mpya. Zamani uligusa alama na ikabadilika papo hapo. Sasa unaunda kitendo, kwa mfano kwa createAddMarkerAction, kisha unakiweka ndani ya executeTransaction, nayo ikiwa ndani ya lockedAccess. Humo ndani usiweke await. Kusanya kwanza kila unachohitaji kusoma, ndipo ufungue muamala na kuandika yote kwa pamoja. Mwanzoni utaona ni urasimu mtupu, lakini faida yake ni kubwa: mhariri akiweka alama mia moja kwa kitufe kimoja, anazitendua zote kwa Ctrl+Z moja, na jina ulilouandikia muamala ndilo analoliona kwenye historia.

Kwenye muda, tumia TickTime, usizungushe sekunde zenye desimali. Premiere huigawa sekunde moja katika tiki 254,016,000,000, namba inayogawanyika bila baki kwa fremu 24, 25, 29.97 na hata kwa sampuli 48,000 za sauti. Namba hizo hukua haraka: sikwensi ikikaribia saa kumi, tiki zake huvuka kiwango ambacho JavaScript huhesabu kwa uhakika. Zihifadhi kama maandishi.

UXP si kivinjari, na Node.js haimo. Muonekano utahitaji marekebisho ya CSS hapa na pale, hilo ni dogo. Kubwa ni kwa waliozoea kuita ffmpeg kupitia child_process: njia hiyo imefungwa, na njia mojawapo ya kuiziba ni programu ndogo ya pembeni inayowasiliana na paneli. Faili na mtandao navyo huombewa ruhusa kwenye manifest.json, iliyochukua nafasi ya manifest.xml. Taja tovuti unazozihitaji tu. Mteja anayeona paneli ya alama inaomba kufungua diski nzima ana haki ya kuitilia shaka.

Jaribu kwa UXP Developer Tool, ukitumia nakala ya mradi na kamwe si kazi ya mteja. Baadaye utafungasha .ccx badala ya .zxp. Mipangilio iliyokuwa kwenye localStorage ya paneli ya zamani haitahama yenyewe, kwa hiyo toa kwanza toleo la mwisho la CEP lenye kitufe cha kuihifadhi kwenye faili. Toleo hilo uliache likipatikana, kwa sababu wapo wateja wenye Premiere za zamani, na UXP haifanyi kazi humo.