Umeacha Pombe? Jiandae kwa Siku ya Hamu

Mtu harudii pombe siku anaposhika glasi. Safari huanza mapema: mshahara umeingia, nyumbani mmegombana, au rafiki wa zamani amepiga simu Ijumaa jioni kuuliza uko wapi. Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, aliwachunguza watu waliorudia pombe, sigara na heroini. Karibu robo tatu walianguka kwa sababu tatu: hisia nzito kama hasira na huzuni, ugomvi na watu, au kushawishiwa na wenzao. Anza kujipanga hapo.

Andika mitego yako. Taja saa, mahali na mtu. Kama ni mwisho wa mwezi kwenye baa ya karibu na stendi, siku hiyo pita njia nyingine, usitembee na pesa nyingi, na uwe na miadi ya jioni na mtu asiyekunywa.

Jibu liwe fupi. Anayekupa ofa mwambie, "Asante, nimeacha. Niletee soda." Usieleze sababu, ukianza kueleza, utabishiwa mpaka ulegee. Kwenye sherehe, wahi, salimia wenyeji, toa mchango wako, uondoke kabla kreti hazijaanza kufunguliwa.

Subiri hamu ipite. Hamu hupanda, hufika kilele, kisha hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Katika muda huo kula, oga, tembea, au mpigie mtu mliyeahidiana kwamba utampigia hamu ikija. Jiulize pia: nina njaa, hasira, upweke au uchovu? Mara nyingi hicho ndicho kinachodai kutulizwa.

Uliza kuhusu dawa. Naltreksoni hupunguza hamu. Disulfiramu humfanya anayekunywa aumwe vibaya, kwa hiyo haitumiwi bila daktari.

Ukiteleza, simama hapo hapo. Wengi hawaangushwi na glasi ya kwanza, bali na wazo linaloifuata: "Nimeshaharibu, bora nimalizie." Acha iliyobaki, ondoka, umwambie mtu siku hiyo hiyo. Asubuhi usizimue. Chukua karatasi yako uongeze mtego uliokunasa. Ndugu na mwenzi nao wasimsimange aliyeteleza. Aibu humrudisha kilabuni haraka. Wamuulize tu: kabla ya glasi ile, kulitokea nini?

Tahadhari. Ikiwa umerudi kunywa sana kila siku, usikate ghafla ukiwa peke yako. Kutetemeka kunaweza kufuatiwa na degedege na kuweweseka, na hali hiyo huua. Nenda hospitali usimamiwe.

Walio Kenya wanaweza kupiga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Kwingineko, ulizia huduma ya afya ya akili katika hospitali kubwa iliyo karibu nawe. Usingoje uanguke ndipo utafute namba: leo hii chagua mtu mmoja, mwombe ruhusa ya kumpigia hata usiku wa manane, na uiweke namba yake juu kabisa kwenye simu yako.